Jina la Kumi na Sita

"Timu ina wasichana kumi na sita. Mbona nimesikia majina kumi na tano?"

Nakumbuka jioni niliyoulizwa swali hilo, mwanangu. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa takwimu, mtu ambaye darasani hakuwahi kukosa neno, nilisimama nikatazama viatu vyangu. Jibu nililijua.

Kabla sijaendelea, usicheke nikikuita mwanangu. Sina mvi hata moja, na mimi na wewe tumepishana miaka kumi tu. Lakini ukikabidhiwa timu, unakabidhiwa na lugha yake, na katika timu hii anayesimamia mazoezi huwaita wengine wanangu. Nililipinga hilo pia. Nililipinga wiki mbili nzima, hadi siku mwenzako Kanana alipoteguka kifundo cha mguu na neno likanitoka lenyewe.

Kupinga ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mama yangu akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nilimwuliza: na mkuu akikosea, guu linalovunjika ni la nani? Kanisani niliuliza, darasani niliuliza, kwenye kibanda cha chai pale Nchiru, nje ya chuo, niliuliza kwa nini mandazi ya Jumatatu ni madogo kuliko ya Ijumaa. Sijutii kuuliza. Nakueleza tu siku moja ambayo nilimwuliza kila mtu isipokuwa nafsi yangu.

Mwalimu Murithi alikuwa akifundisha kilimo chuoni, na besiboli aliifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini bila mtu kumlazimisha. Alipoanza hapakuwa na uwanja. Palikuwa na mteremko wa nyasi nyuma ya bweni, ambapo ng'ombe wa shamba la chuo walifungwa. Gongo la kwanza alilichonga mwenyewe kwa mti wa mgrevilia. Mipira ilipopasuka aliishona upya kwa sindano ya magunia na uzi aliousugua nta ya nyuki, na mpira ulioshonwa naye ulidumu kuliko mpya wa dukani. Wavulana walicheza besiboli yenyewe. Sisi wasichana tulicheza softiboli, ambayo ni ndugu yake, yenye mpira mkubwa zaidi unaorushwa kwa mkono wa chini. Yeye aliita zote besiboli, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema ipi ni kubwa.

Labda mama yako atayasoma haya na mchezo haujui. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na akishaupiga anakimbia kuzunguka besi nne hadi arudi alipoanzia. Hiyo ni alama moja. Ukikosa kuupiga mara tatu, umetoka. Upande ukipoteza wapigaji watatu, zamu yake imekwisha. Zamu saba kwa kila upande, mechi imekwisha. Wanaocheza kwa wakati mmoja ni tisa. Wengine wanakaa kwenye benchi.

Hapo kwenye benchi ndipo ugomvi wangu na Mwalimu ulipoanzia. Alikuwa na sheria moja ambayo sikuiona kwa kocha mwingine yeyote, Meru wala Embu: aliyepanda gari atacheza. Ukisafiri na timu, hata kama hujui gongo linashikwa upande gani, kabla ya mechi kwisha utaingia uwanjani. Alituambia, "Gari ya chuo si ya watalii." Basi katika zamu ya mwisho, wakati timu nyingine zinaingiza vigogo wao, yeye aliwatoa wetu na kuwaingiza waliobaki. Miaka miwili mfululizo tulifika fainali dhidi ya chuo kimoja cha Embu. Miaka yote miwili tuliongoza hadi zamu ya saba, kisha tukapoteza kikombe huku vigogo wetu wakitazama kutoka kwenye benchi.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa kuingizwa mwisho. Nilisimama upande wa kulia wa uwanja, kule ambako mipira hufika kwa nadra, na muda wote uliobaki niliandika daftari la mechi kwa penseli: nani alipiga, nani alikosa, mrushaji alirusha nini. Kazi hiyo niliipenda. Namba hazikuniambia nyamaza.

Ule mwaka wa tatu nilikusanya madaftari yote niliyoyapata, nikayaingiza kwenye kompyuta. Jedwali likatoka safi. Kila mchezaji na jina lake, mara alizosimama kupiga, mara alizopata. Ukilitazama, hata mtoto wa shule ya msingi angeona kwamba sheria ya Mwalimu ndiyo iliyokuwa ikitupokonya kikombe. Nikaandika barua ya kurasa mbili kwa ofisi ya michezo, nikaomba sheria ifutwe, na nikaacha nafasi chini ya barua ili wachezaji watie sahihi.

Nilijua barua hiyo ilikuwa na uzito gani. Ofisini walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Mwalimu amechoka, kwamba anachelewa kutoa ishara, kwamba anahitajika mtu kijana mwenye vyeti vya kisasa. Walichokosa ni karatasi tu, na mimi ndiye niliyekuwa nayo mkononi.

Nikampelekea kwanza nahodha wetu, Nkirote, binti wa Maua, mpigaji bora kuliko sote na mdomo bora pia. Alisoma akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitafuna muwa.

"Kwa hivyo unataka tumfukuze Mwalimu," akasema.

"Sitaki afukuzwe. Nataka abadilike."

"Hii ukipeleka ofisini ni kumfukuza. Usinidanganye na Kiswahili ya kitabu."

"Lakini ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli." Alitema makapi ya muwa. "Hata mimi nimechoka kulia Embu. Lakini umemwonyesha yeye?"

"Bado."

"Wee, Gatwiri. Wewe ulilelewa wapi? Kwetu hata mtu akikuibia mbuzi, unaenda kwake kwanza, unamwambia kwa uso. Ndio upeleke kwa wazee. Mwonyeshe. Ukirudi na hiyo karatasi, mimi nitaweka sahihi ya kwanza."

Mwanangu, hapo ndipo nitakuungamia. Nkirote hakuwa amehesabu majina. Usiku niliolichapa jedwali, nilikuwa nimelipanga kuanzia aliyepata zaidi hadi aliyepata kidogo. Mstari wa mwisho kabisa, wa kumi na sita, ulikuwa na jina langu. Msimu mzima sikuwa nimeupiga mpira hata mara moja. Nikautazama mstari ule kwa muda, kisha nikaufuta. Nikajipa na sababu, maana mtu aliyesoma hakosi sababu: nikajiambia kwamba mwandishi wa ripoti hajiweki ndani ya ripoti.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hiyo ni methali moja ambayo hadi leo sijapata njia ya kuipinga.

Nilimkuta Mwalimu kwenye stoo yake nyuma ya jikoni ya chuo, chumba cha mabati kinachonuka ngozi ya glavu na nta. Alikuwa anashona mpira.

"Muga, mwari," akanisalimu kwa Kimeru, kama alivyomsalimu kila msichana.

Nikampa karatasi. Hakuipokea. "Mikono ina nta," alisema. "Nisomee."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, nikitegemea kwamba atanikatiza, anigombeze, nipate kumjibu. Nilikuwa nimejiandalia majibu kama kumi. Yeye aliendelea kushona. Nilipofika kwenye majina, niliona midomo yake ikicheza kidogo, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia boma. Nilipomaliza, ndipo aliponiuliza lile swali.

Nikatazama viatu vyangu. Nje wapishi walikuwa wakikokota sufuria, na kelele ile ilinisaidia kidogo.

"Hesabu zako ni nzuri," alisema hatimaye. Hakuonyesha hasira, na hilo lilinitesa zaidi. "Sizikatai. Tumepoteza fainali mbili, na mimi ndiye nilipoteza, si hawa watoto. Lakini nikuulize, mwari. Hesabu inayomwogopa mtu aliyeiandika, itamsaidia nani?"

"Mwalimu, jina langu halibadilishi matokeo."

"Basi kama halibadilishi, liandike."

Akakata uzi kwa meno. "Liandike, halafu upeleke ofisini. Mimi sikuzuii. Sijawahi kumzuia mtu kuuliza, na sitaanza na wewe. Ila Jumamosi tunaenda Embu kwa fainali. Ukipanda gari, utacheza."

Nilirudi hosteli nikaliandika. Ni ajabu jinsi mstari mmoja unavyoweza kubadilisha sura ya ukurasa mzima. Barua ilipokuwa na majina kumi na tano ilisomeka kama mashtaka. Iliposimama na kumi na sita, na langu chini kabisa, ilianza kusomeka kama swali.

Jumamosi ilifika, na nikawa na tatizo jipya ambalo hata Mwalimu sidhani alilifikiria. Sheria ilisema aliyepanda gari atacheza. Jedwali langu lilisema kwamba nikicheza, tutapungukiwa. Kwa hiyo, kwa hesabu zangu mwenyewe, njia bora ya kuisaidia timu kushinda Embu ilikuwa mimi nibaki Nchiru, nifue nguo. Nilisimama kando ya basi la chuo na begi mabegani, wenzangu wote wameshaingia, nikilipima jambo hilo kwa dhati kabisa.

Mwalimu akashuka. "Umesahau kitu?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, na nikaona anajizuia kucheka.

"Hesabu yako ni ya mambo yaliyopita," alisema. "Ya leo bado haijaandikwa. Nyinyi watu wa sayansi, mkiwa na wazo, si mnalijaribu? Ama unaogopa kujua?"

Nilipanda. Nkirote alinisogelea kwenye kiti, akanong'ona, "Leo ukitupotezea, utarudi Meru kwa miguu."

Uwanja wa Embu ulikuwa tambarare, nyasi zimekatwa vizuri, na watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ukuta. Sarafu ilipotupwa tukapata kupiga wa mwisho katika kila zamu. Mrushaji wao aliitwa Wawira, mrefu, mtulivu, mwenye mkono uliorusha mpira kama anayemimina maji. Zamu sita alitubana. Walikuwa na alama tatu, sisi mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa hali tulipofika zamu ya saba, tukiwa tumebakiza nafasi ya mwisho ya kupiga, na kikombe kiko juu ya meza kimefunikwa kitambaa cheupe.

Mwalimu alikuwa ameshawaingiza wote waliosafiri, mmoja mmoja. Nilibaki mimi.

Nkirote alipiga, akafika besi ya pili. Aliyefuata akatoka. Aliyemfuata akapata besi ya kwanza, kisha mpira mmoja ukamponyoka mdakaji wao, yule anayechutama nyuma ya mpigaji, wasichana wetu wakasogea, mmoja besi ya tatu, mmoja ya pili. Mwingine akatoka. Wawili nje. Mpira mmoja mzuri ungewarudisha wote wawili nyumbani, na kukosa kumoja kungetupeleka Meru mikono mitupu kwa mwaka wa tatu. Mpigaji aliyekuwa zamu yake alikuwa wa pili kwa ubora katika jedwali langu. Mwalimu akamwita arudi. Kisha akaniita mimi.

Sikusikia mashabiki wetu wakiguna, ingawa waliguna. Nilichosikia ni Karimi, msichana aliyekuwa wa kumi na tano kwenye jedwali, aliyenishika mkono nikilichukua gongo.

"Sikiza," akasema haraka. "Akishapata mbili, ya tatu anarusha chini, polepole, upande wa nje. Kila mara. Nimemwangalia tangu saa nne."

"Una hakika?"

"Gatwiri, angalia kitabu yako."

Nilifunua daftari pale pale. Nilikuwa nimeuandika kila mpira wa Wawira kwa mkono wangu na sikuwa nimeuona mpangilio huo. Karimi aliuona kwa sababu alijua tangu asubuhi kwamba ataitwa kusimama mbele ya mkono ule, kama sisi wote tulivyojua. Nikatazama benchi la Embu. Wasichana wao wa akiba walikuwa wakipigana picha. Walijua hawataingia. Benchi letu lilikuwa limesimama lote, macho yote kwa mrushaji.

Hilo halikuwa kwenye jedwali langu, mwanangu. Nilikuwa nimehesabu mikono tu.

Mdakaji wao alinitazama nikisimama, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunifikia, "Huyu ni mgeni wa mandazi. Mpe chai aende." Mpira wa kwanza nikaukosa. Wa pili nikaukosa vibaya zaidi, hata kofia ikanitoka, na watu ukutani wakacheka. Nikaiokota, nikaivaa, nikasogea nusu hatua kuelekea nje.

Ukaja chini. Polepole. Upande wa nje.

Sikuupiga kwa nguvu. Niliugusa kama mtu anayeusukuma mlango ambao tayari uko wazi, ukateleza ukapita kando ya besi ya kwanza, ukaingia uwanja wa kulia, mahali ambapo nilikuwa nimesimama miaka mitatu nikijua vyema kwamba huwekwa mchezaji dhaifu wa kila timu. Msichana wao aliuinamia, ukampita katikati ya miguu. Nkirote akaingia nyumbani. Wa pili akaingia nyuma yake akitambaa kwa tumbo, vumbi hadi kwenye nyusi.

Nne kwa tatu.

Tuliimba kutoka Embu hadi Runyenjes, na Runyenjes hadi Chuka, na huko Chuka mama mmoja muuza ndizi alipoona kikombe dirishani akatutupia mkungu mzima wa ndizi mbivu bila kuuliza tumemshinda nani. Nkubu watu walitoka madukani. Nkirote alikuwa amekivaa kitambaa cheupe cha mezani kichwani kama bibi harusi, na kila tuliposimama alinisukuma mlangoni akitangaza, "Huyu ndiye mwizi wa Embu. Mtazameni vizuri."

Sasa tusidanganyane. Mpira mmoja hauthibitishi kitu. Tungeirudia siku ile mara kumi, pengine mara tisa ningekosa, na hadi naondoka chuoni nilibaki wa mwisho kwenye jedwali langu. Ukimsikia mtu akisema mwaminifu hushinda daima, mwulize amehesabu wapi. Ninachoweza kukuambia ni hiki: Jumatatu niliipeleka ile karatasi, yenye majina kumi na sita, na sikuipeleka ofisini. Nilimpelekea Mwalimu stoo. Nikaongeza ukurasa wa tatu, nikaeleza nilichokiona kwenye mabenchi mawili. Sheria yako ibaki, niliandika, lakini tuwaingize wa benchi mapema, zamu ya tatu na ya nne, vigogo warudi mwishoni, maana kanuni za mchezo zinaruhusu mchezaji aliyeanza kurudi mara moja.

Alinifanya nisome yote kwa sauti. Kisha akasema, "Hii sasa ni hesabu." Msimu uliofuata akafanya hivyo hasa, na kikombe hakikuondoka Nchiru hadi alipostaafu. Kuhusu kumleta kocha mwingine, ofisi haikunong'ona tena.

Siku ya kumuaga walikuja wachezaji wa miaka yote. Walisimama kwa mistari kwenye ule mteremko, wengine na watoto migongoni, wengine na fulana zilizochujuka hadi rangi haijulikani. Mgeni mmoja wa heshima alimuuliza mwanamke aliyekuwa kando yangu alicheza nafasi gani. Akajibu, "Nilicheza mara mbili tu." Alisema hivyo akiwa ameinua kichwa, kama mtu anayetaja cheo chake.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Uliza. Akikuambia mtu kwamba adabu ni kunyamaza, muulize na yeye. Lakini kabla hujaipeleka orodha ya makosa ya wenzako mbele ya watu, liandike jina lako humo, mahali pake hasa, hata kama ni chini kabisa. Na unayemshtaki mwone kwanza uso kwa uso, maana karatasi haiwezi kukujibu kitu usichokiuliza. Ukikaa benchi, usikae kama abiria. Wenzio wanaocheza wana macho kumi na manane tu, na hayo yana kazi.

Mungu akupe gongo jepesi na moyo imara. Akupe wenzako wakuambie ukweli kabla ya mpira wa tatu. Akufikishe mbali, na popote utakapofika, uwe na watu wa kusema ulipanda nao gari.

Mwaka jana nilikwenda Igoji kumsalimu Mwalimu, na mkewe ndiye aliyeniambia, akinimiminia uji, jambo ambalo mumewe hakulisema hata siku moja. Msimu ule wa Embu macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na upasuaji alikuwa ameuahirisha hadi baada ya fainali. Mpira nilioupiga hakuuona. Aliusikia tu ukigusa gongo, akamwambia dereva wa basi aliyekuwa kando yake, "Huo umepita kulia."